Jumamosi na Jumapili bila faranga: ya kufanya na watoto Uvira kabla mvua haijakolea



Septemba ni mwezi wa kumaliza mfuko. Masomo yamefunguliwa. Tangu mwaka 2019 watoto wa shule za msingi za serikali husoma bila kulipa, lakini madaftari, viatu, shati nyeupe na sketi au suruali ya bluu havitolewi bure, na mwenye mtoto wa sekondari anajijua mwenyewe. Ndiyo maana kila mwaka wakati huu swali hili linarudi katika vikundi vyetu: siku ya Jumamosi na Jumapili tuwafanyie watoto nini, nasi hatuna faranga ya kutoa?

Jibu letu ni kwamba mji huu una mengi. Tuna ziwa mbele, milima nyuma, mito inayopita katikati, bandari, kwaya, viwanja vya mpira na wazee wenye hadithi. Wakati nao ni mzuri. Upepo wa kusini uliovuma kiangazi chote unapungua, na mvua za kwanza zinanyesha kidogo kidogo. Baada ya miezi miwili matope yatatufunga nyumbani Jumamosi nyingi. Tutumie hizi za sasa.

Lakini kabla ya kuorodhesha, tuseme jambo ambalo mara nyingi halisemwi. Kitu cha bure nacho kina mlipaji. Familia ikienda pwani saa tisa alasiri, nani alichota maji asubuhi? Nani alifua, akasonga ugali, akaosha vyombo na kumbeba mtoto mdogo ili wengine watoke? Mara nyingi ni mama, na nyuma ya mama ni binti wa miaka 10 au 12. Kaka zake wamekwenda mpirani tangu saa mbili. Yeye Jumamosi yake imeishia kwenye bidoni na beseni, na Jumatatu anarudi darasani amechoka kuliko Ijumaa. Kwa hiyo tumepanga makala hii tukimfikiria binti huyo. Pumziko lisilomfikia yeye wala mama yake halijawa pumziko la familia.

Ijumaa jioni: gawa kazi kwanza

Mkisha kula Ijumaa, kaeni pamoja, baba akiwepo. Tajeni kazi zote za mwisho wa juma kwa majina: maji, nguo, sokoni, kupika, vyombo, kufagia, kumshika mtoto mdogo. Halafu kila mtu achukue zake, wavulana na baba pia. Kijana wa miaka 13 anayekimbiza mpira saa mbili nzima ana nguvu ya kubeba bidoni ya lita 20. Mtoto wa miaka 8 anaweza kufua soksi na shati lake la shule, hata kama kola utairudia wewe.

Kuna kanuni moja inayosaidia: hakuna anayetoka mpaka wote wamemaliza. Mvulana anayetaka kuwahi mpira atajifunza haraka kumsaidia dada yake na vyombo. Si adhabu, ni hesabu tu.

Jambo la pili ni chakula. Maharagwe yakipikwa Ijumaa usiku, au sombe ikitwangwa mapema, Jumamosi mama hashindi kwenye mbabula. Siku moja ya kula muhogo wa kuchemsha mchana haimwumizi mtu, na makala yanabaki.

Na mama naye apewe saa yake. Saa moja ya kulala, kusukwa nywele kwa jirani, au kukaa tu bila kuitwa. Iandikwe kwenye mpango kama kazi nyingine, maana isipoandikwa haitatokea.

Jumamosi asubuhi: salongo yenye maana

Wengine watashangaa kuona salongo katika orodha ya starehe. Lakini watoto hupenda kazi inayofanywa na watu wengi, hasa wakipewa jembe dogo na sehemu yao ya kuonyesha. Na kwa Uvira, kusafisha mifereji mwezi wa Septemba si mapambo.

Tunakumbuka usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020. Mulongwe ilijaa na kutoka katika njia yake, na mito mingine ya mji ikafurika. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilianguka, makumi ya maelfu ya watu wakabaki bila makao. Hata mitambo ya maji ya kunywa iliharibika, na foleni za bidoni zikawa ndefu zaidi. Mto wa namna ile hauzuiliwi na jembe la mama. Lakini maji ya mvua ya kila siku, yale yanayoingia ndani kwa sababu mfereji umejaa mifuko ya plastiki, hayo tunaweza kuyaondoa wenyewe.

Fanyeni hivi. Nyumba kumi za avenyi moja zikubaliane siku. Watoto wadogo waokote plastiki, lakini wasishike vioo, sindano wala uchafu wa choo. Wakubwa wachimbue mchanga. Mwisho, wazee wawaonyeshe watoto maji yalifika wapi mwaka 2020, na njia ya kukimbilia juu ikiwa mto utatoa sauti usiku. Mtoto aliyeitembea njia hiyo mchana ataikumbuka gizani. Kazi yote haipiti saa mbili, kisha wote wanaoga na siku bado ni nzima.

Asubuhi pwani: mitumbwi inarudi

Miaka ya karibuni uvuvi katika Tanganyika umekuwa ukifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaane. Ikifika Septemba, mitumbwi imerudi kazini na pwani imechangamka tena. Kuangalia hakulipiwi.

Nendeni jua likisha kutoka kabisa, kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sehemu ambapo wavuvi na wanunuzi ni wengi. Msiende gizani, sababu tutaitaja hapa chini. Watoto wataona mitumbwi inavyovutwa, nyavu zinavyokung'utwa, ndagala wanavyopimwa kwa ndoo na kumwagwa kukauka juani. Wataona pia kwamba wanaonunua, wanaobeba, wanaokausha na wanaouza ni wanawake kwa sehemu kubwa. Binti anayedhani kwamba biashara ni jambo la wanaume aione hesabu ile inavyopigwa kichwani, bila kalamu.

Waulizeni watoto: kwa nini wavuvi huvua usiku, wakiwa na taa? Jibu ni kwamba ndagala hufuata mwanga. Taa ikiwaka juu ya maji meusi, samaki hukusanyika chini yake, wavu unainuliwa. Zamani zilikuwa taa za mafuta, sasa mitumbwi mingi ina taa za betri. Ndiyo sababu mwezi unapokuwa mkubwa wavuvi wengi hubaki nyumbani siku kadhaa: mwanga umeenea ziwani kote, samaki hawana sababu ya kuja kwenye taa. Mke wa mvuvi anaijua kalenda hiyo kuliko ile ya ukutani. Mwezi mkubwa maana yake ni samaki haba, pesa haba, na baba yupo. Kwa nyumba hizo, Jumamosi ya mwezi mkubwa ndiyo siku ya kupanga jambo la familia.

Ziwa ni shule isiyo na ada

Watoto wetu wamezaliwa kando ya ziwa hili na wengi hawajui wanalo nini. Kaeni kwenye mchanga mbali kidogo na maji, mwapeni maswali.

Ziwa hili lina urefu gani? Karibu kilomita 673, kutoka hapa kwetu kaskazini mpaka Zambia. Ukianza Uvira, unapita Fizi, Kalemie na Moba, na ng'ambo Burundi na Tanzania, ndipo unafika mwisho wake. Kina chake? Kinafika mita 1,470. Duniani ni ziwa moja tu linaloshinda kwa kina, Baikal la Urusi. Maji yake yanatoka wapi kwenda wapi? Yanaingia kwa mito mingi, lakini yanatokea mdomo mmoja tu, mto Lukuga pale Kalemie, yaende katika mto Kongo mpaka bahari ya Atlantiki.

Halafu waulizeni hili: Ruzizi inaingia ziwani au inatoka? Mtoto yeyote wa Kavimvira atacheka. Lakini swali hilo liliwasumbua wazungu miaka mingi, kwa sababu walitafuta chanzo cha Nili na wengine walitumaini kwamba Ruzizi ndiyo njia yake. Mwaka 1858 Burton na Speke walikuja kwa mitumbwi kutoka Ujiji mpaka hapa Uvira kuuliza. Watu wa hapa waliwaambia wazi: inaingia. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikuja kuhakikisha kwa macho yao, wakakuta ni vile vile. Watoto wajue kwamba jibu lililotafutwa kwa safari ndefu namna hiyo lilikuwa midomoni mwa watu wa kwao.

Wenye watoto wakubwa wanaopenda sayansi wakumbuke pia kwamba mji wetu una Kituo cha Utafiti wa Haidrobiolojia, CRH-Uvira, kinachochunguza ziwa na samaki wake. Kikundi cha wamama au walimu kinaweza kuandika barua na kuomba vijana wapokelewe. Kuomba hakulipiwi.

Wakiwa pale pwani, waonyesheni pia alama za maji kwenye kuta za nyumba za karibu. Ziwa lilipanda sana mwaka 2020 na 2021, likapanda tena mwaka 2024, likaingia katika nyumba na njia. Mtoto anayeona ukuta uliokatwa na mawimbi atafikiri mara mbili siku atakapotaka kujenga.

Sasa tahadhari, na tunaomba zisomwe kwa sauti:

Viboko na mamba wapo, hasa kuelekea mdomo wa Ruzizi na kwenye majani marefu. Kiboko hutoka kula usiku na kurudi majini asubuhi. Kwa hiyo msitembee pwani giza likiingia, wala kabla jua halijatoka. Mkimwona, msimrushie jiwe, msisimame kati yake na maji. Rudini nyuma taratibu na mwaite watoto bila kupiga kelele.

Mtoto asiingie majini bila mtu mzima aliyepewa kazi ya kumwangalia yeye tu. "Tuko wote hapa" maana yake mara nyingi ni kwamba hakuna anayeangalia. Mshike zamu: mama mmoja anaangalia nusu saa bila simu wala mazungumzo, kisha mwingine. Ziwa linaweza kushuka ghafla hatua chache kutoka ukingoni.

Maji ya ziwa na ya mto yasinywewe hivi hivi. Kipindupindu kinaujua mji wetu, na mvua zikianza hukumbuka njia. Bebeni maji ya nyumbani yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, na kipande cha sabuni. Mtoto akianza kuhara maji maji kama maji ya mchele, msingoje kesho: mpelekeni kituo cha afya, na njiani mwendelee kumpa maji ya chumvi na sukari. Kipimo chake ni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Alasiri: Kalundu na safari za macho

Watoto wanaosoma majina ya miji kwenye ramani wanafurahi kuona chombo kinachokwenda huko. Kutoka Kalundu boti huelekea Baraka, Kalemie, Bujumbura na Kigoma. Simameni mahali pa wazi nje ya bandari, msizuie njia ya wabebaji, mwaache watoto wakisie: kile kimebeba nini? Mawese? Unga? Saruji? Kinakwenda wapi, na kitafika lini? Mwenye ndugu Kalemie au Kigoma aeleze safari yake ilivyokuwa.

Msipige picha bandarini wala penye askari. Picha moja inaweza kuwaharibia siku nzima.

Kutoka hapo tazameni milima. Pale Kalundu inashuka karibu mpaka majini, na barabara ya kwenda Makobola na Fizi inajibana katikati. Watoto wataelewa kwa nini mji wetu ni mrefu na mwembamba, kwa nini mvua ikinyesha mlimani maji yanatufikia upesi hivi, na kwa nini miti inayokatwa kule juu ni jambo la watu wa huku chini.

Jioni: taa za ng'ambo

Wanaoishi sehemu za juu za mji wana kitu ambacho miji mingine ingekilipisha. Jua likizama nyuma ya milima yetu, Burundi inabaki na mwanga kidogo, kisha taa za Bujumbura zinaanza kuwaka ng'ambo ya maji, na taa za wavuvi nazo zinatoka ziwani moja moja. Kama huna uwanja wa juu, una shangazi au rafiki anayekaa huko. Mtembelee saa kumi na moja, angalieni pamoja, mrudi mapema. Msipande mbali mlimani, wala msitembee usiku ili kutafuta mandhari. Katika mji wetu hali hubadilika. Kama viongozi wa mtaa wamesema watu wabaki nyumbani, basi pumziko la siku hiyo ni nyumbani.

Jumapili: kwaya, mpira, na nyumba moja ya kutembelea

Uvira inaimba. Makanisa ya Kipentekoste yalianza huku kwa wamisionari wa Uswidi waliofika mwaka 1921, jimbo Katoliki la Uvira lilisimikwa mwaka 1962, na Uislamu ulikuja na watu wa ziwani zamani zaidi. Kila nyumba ya ibada ina sauti zake. Watu wengi husikiliza kwaya wakati wa ibada tu. Jaribuni mazoezi ya Jumamosi alasiri. Pale watoto husikia wimbo unavyojengwa: sauti ya kwanza peke yake, ya pili inaongezwa, mwalimu anasimamisha, wanarudia mara kumi. Mtoto anayekata tamaa na hesabu za shule aone kwamba hata wimbo mzuri wa Jumapili ulikosewa mara nyingi Jumamosi. Ombeni ruhusa kwa kiongozi, kaeni nyuma, mtulie.

Mpira hauhitaji maelezo. Tunaongeza neno moja tu: tafuteni mechi ya wasichana, na kama haipo mtaani kwenu, iandaeni. Mpira wa nguo na mabinti kumi vinatosha. Mama mmoja asimame ukingoni, ili asiwepo mtu wa kuwafukuza au kuwacheka.

Kisha nyumba moja. Kila Jumapili chagueni mlango mmoja ambao haujagongwa siku nyingi: bibi anayeishi peke yake, mjane, familia iliyokimbia vita na kupangishwa chumba kimoja nyuma ya soko, mama aliyejifungua bila ndugu karibu. Msiende kukaa kama wageni wa kusubiri chai. Nendeni na kazi mkononi. Watoto wakubwa wachote bidoni mbili, mabinti na wavulana wafagie uwanja, nanyi mzungumze. Hakuna aliyetoa pesa, na mwenye nyumba amepata maji ya siku mbili. Watoto wanajifunza kutembelea watu namna yetu, na mama aliyeshinda peke yake amesikia jina lake likiitwa.

Usiku wa mwezi mkubwa: hadithi

Umeme ukikosekana na mwezi ukiwa umejaa, tandikeni mkeka uwanjani. Tumesema kwamba ni siku ambazo wavuvi wengi wapo. Basi baba aliyezoea kulala mchana na kuondoka jioni, leo asimulie yeye. Hadithi za sungura na fisi kila kabila inazo, na kila kabila inasema sungura ni wao. Bibi Mvira asimulie kwa Kivira, Mfuliiru kwa Kifuliiru, Mbembe kwa Kibembe, jirani kutoka ng'ambo kwa Kirundi, kisha mtu awaambie watoto kwa Kiswahili. Kwa namna hiyo watoto wa uwanja mmoja wanasikia lugha nne usiku mmoja, na zote zinawachekesha. Katika sehemu zetu, ambako lugha ya mtu imekwisha kutumiwa mara nyingi kumwogopesha mwenzake, hilo si jambo dogo.

Si hadithi za wanyama tu. Waombeni wazee waeleze soko lilikuwa wapi, kiwanda cha sukari cha Kiliba kilivyofanya kazi zamani, harusi zilivyosindikizwa, mto ulipita wapi kabla ya kuhama. Binti anayejua kuandika achukue daftari la mwaka uliopita lenye kurasa zilizobaki, aandike jina la msimuliaji na maneno yake. Baada ya mwaka mmoja mtakuwa na kitabu ambacho hakuna duka linalokiuza.

Tarehe za kubandika ukutani

Hizi ni siku zinazojulikana duniani kote. Mara nyingi mashule, makanisa na mashirika ya hapa huziadhimisha kwa matembezi, nyimbo au michezo, na kuhudhuria ni bure. Zikiangukia katikati ya juma, nyumbani zifanyieni nafasi Jumamosi inayofuata.

Tarehe 8 Septemba, siku ya kusoma na kuandika: mtoto amfundishe bibi au mama kuandika jina lake.

Tarehe 21 Septemba, siku ya amani: kuleni pamoja na jirani ambaye lugha yake si yenu, kila nyumba ilete ilichopika.

Tarehe 1 Oktoba, siku ya wazee: watoto wamchotee maji mzee wa karibu.

Tarehe 5 Oktoba, siku ya walimu: watoto wamwandikie mwalimu barua ya shukrani. Mwalimu anayesubiri mshahara ataitunza.

Tarehe 11 Oktoba, siku ya mtoto wa kike: siku hiyo kazi zote za binti zifanywe na kaka zake na baba. Siku moja tu, muone kitakachosemwa mezani.

Tarehe 15 Oktoba, siku ya mwanamke wa kijijini, na pia ya kunawa mikono: wamama wa mjini wakawasaidie wa bondeni shambani, na watoto watengeneze kibuyu au bidoni ndogo ya kunawia karibu na choo.

Chagueni moja

Hatusemi myafanye yote. Nyumba inayojaribu yote katika siku mbili itaishia kwenye ugomvi. Chagueni jambo moja la Jumamosi na moja la Jumapili, myapange Ijumaa, na mfuate kanuni ile ya kazi.

Tunajua kuna wamama ambao Jumamosi ndiyo siku ya soko, na bila meza ile watoto hawali. Kwao tunasema: nusu saa inatosha. Mkeka, mwezi, na hadithi moja. Wenye nafasi zaidi wawachukue na watoto wa jirani huyo pamoja na wao, bila kungoja kuombwa. Katika kikundi cha wamama watano, kila mmoja akichukua zamu ya Jumamosi moja, wanne wengine wanapata saa tatu za kufanya kazi au kupumzika wakijua watoto wako mikononi mwa mtu. Hiyo ni likelemba ya wakati. Pesa tumezoea kuzunguka nayo. Wakati nao unaweza kuzunguka hivyo hivyo.

Katika mkutano wetu ujao tutauliza maswali mawili tu: mlikwenda wapi, na binti yenu alikuwepo?